Nani Hulipa Gharama za Sikukuu ya Taifa? Habari za Marekani tangu Mwaka 1876



Halmashauri ilipotuagiza kujaza kurasa chache za kijitabu hiki cha ukumbusho, tuliambiwa tuandike jambo la historia. Historia ya Chama Kikuu chetu katika miaka hii kumi imekwisha kuelezwa na Mwenyekiti katika kurasa za mbele, nasi hatuna la kuongeza, ila kwamba kumbukumbu za mikutano ya mwaka ule wa kwanza zilikuwa na mwandiko mbaya mno, na mwandiko huo ulikuwa wetu. Kwa hiyo tumechagua habari za nchi ya mbali, ambazo hata hivyo zi karibu sana na shauri lililotushughulisha mwaka huu.

Wajumbe waliohudhuria Mkutano Mkuu uliopita wanakumbuka jinsi tulivyokaa hata jua likachwa kwa ajili ya ajenda moja tu, nayo ni gharama za sherehe hii ya miaka kumi. Mzee mmoja, mwenye shamba la kahawa lisilozidi miti mia mbili, alisimama, akavua kofia, akauliza kwa upole, "Fedha hizo zatoka kwenye kilo zangu, au zatoka wapi?" Hakujibiwa siku ile. Aliambiwa kwamba sherehe ni heshima ya Chama, naye akaketi. Lakini kila mtu ukumbini alijua kwamba heshima ni jambo moja na kilo ni jambo jingine. Tangu wakati huo swali lake limekaa nasi ofisini kama mgeni asiyeaga. Tukatafuta kama wako watu wengine waliokwisha kuulizana swali hilo, ndipo tukawaona Wamarekani, ambao wameulizana karibu kila baada ya miaka hamsini, kwa sauti kubwa, na hesabu zao wakaziweka katika maandishi.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwamba Marekani ni muungano wa majimbo. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na hazina yake, na juu ya hayo yote iko serikali ya taifa pamoja na bunge lao kuu, liitwalo Kongresi. Mwenye kufahamu jinsi Chama cha Msingi kinavyojiona mbele ya Chama Kikuu amekwisha kufahamu nusu ya siasa za nchi ile. Umri wa taifa lao huhesabiwa tangu tarehe 4 Julai, 1776, siku ambayo baraza la makoloni 13, likikutana katika mji wa Philadelphia, lilipitisha tangazo la kujitenga na Uingereza. Miaka mia ilipokaribia kutimia, watu wa Philadelphia wakasema kwamba sikukuu ni ya taifa zima, lakini mahali pake ni kwao, na namna yake iwe maonyesho makubwa ya viwanda na mazao ya dunia nzima.

Mwezi wa Machi 1871 Kongresi ikapitisha sheria ya kuanzisha Tume ya Miaka Mia, yenye mjumbe kutoka kila jimbo. Jambo la ajabu ni kwamba sheria ile ile iliyoanzisha Tume ilitamka pia kwamba Hazina ya taifa haitadaiwa gharama yoyote. Yaani waliambiwa, fanyeni sherehe ya taifa, ila taifa halitalipa. Sisi tuliokaa katika ofisi za ushirika twaitambua sana barua ya namna hiyo.

Mwaka uliofuata ikaundwa Halmashauri ya Fedha, ikiongozwa na mfanya biashara mmoja aitwaye John Welsh, na ikapewa ruhusa ya kuuza hisa za dola 10 kila moja, hata zitimie dola milioni 10. Hisa hazikununuliwa kwa wingi. Magazeti ya New York na Boston yalisema kwamba hiyo ni biashara ya Philadelphia iliyovikwa bendera ya taifa. Majimbo mengi ya Kusini hayakutoa kitu, kwa kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikuwa vimeyaacha maskini na yenye uchungu. Kisha tarehe 18 Septemba, 1873, benki kubwa ya Jay Cooke, iliyokuwa na makao yake Philadelphia penyewe, ikafunga milango, na nchi nzima ikaingia katika dhiki ya fedha iliyodumu miaka mingi. Aliyebeba mzigo ni mwenye sherehe: jimbo la Pennsylvania likatoa dola milioni 1, na mji wa Philadelphia dola milioni 1 na nusu.

Wanawake nao waliitwa kusaidia. Mkuu wao alikuwa Bibi Elizabeth Duane Gillespie, kitukuu wa Benjamin Franklin. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuza hisa, wakafanya karamu za chai na tamasha za muziki, na kwa miezi michache ya kwanza wakapata dola 40,000. Walikuwa wametumaini kupewa nafasi ya kuonyesha kazi za mikono yao katika jengo kubwa. Baadaye wakaambiwa nafasi hakuna. Kama wataka, wajenge jengo lao. Wakakusanya dola 30,000 nyingine, wakalijenga. Ndani yake wakaweka injini ya mvuke, na mwendeshaji wake alikuwa mwanamke, Emma Allison wa Kanada, jambo lililowafanya wanaume wengi waliopita pale wasimame wakitazama kwa muda mrefu kuliko walivyokusudia. Wanachama wanawake wa Chama chetu, ambao huchambua kahawa siku nzima kisha hesabu husomwa kwa majina ya waume zao, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Maonyesho yakafunguliwa tarehe 10 Mei, 1876, yakafungwa tarehe 10 Novemba. Kiingilio kilikuwa senti 50. Kwa kibarua aliyepata dola moja na kidogo kwa siku, hiyo haikuwa fedha ndogo. Tena siku ya Jumapili, ambayo ndiyo siku pekee aliyokuwa na nafasi, milango ilifungwa kwa ajili ya ibada. Hata hivyo watu waliingia mara karibu milioni 10, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 46. Walioona injini kubwa ya Corliss ikianzishwa na Rais Grant na Mfalme Dom Pedro wa Brazil, walioisikia simu ya Alexander Graham Bell, walirudi makwao na habari za kusimulia maisha yao yote.

Kila jimbo lilikaribishwa kujenga nyumba yake katika uwanja, na zaidi ya majimbo ishirini yalifanya hivyo, kwa fedha zilizopitishwa na mabunge yao au zilizochangwa na raia. Kila jimbo likapangiwa na siku yake. Siku ya Pennsylvania, tarehe 28 Septemba, waliingia watu kama 275,000 kwa siku moja. Lakini sisi wakulima, jimbo la kutazamwa zaidi ni Kansas. Mwaka 1874 nzige waliishukia Kansas wakala mahindi, mboga, hata nguo zilizoanikwa, na wakulima wengi wakaishi kwa chakula cha msaada kutoka majimbo ya mashariki. Baada ya miaka miwili tu bunge la Kansas likatoa fedha za kwenda Philadelphia, na kazi yote ikasimamiwa na katibu wa Bodi ya Kilimo ya jimbo, Alfred Gray. Walijenga pamoja na Colorado, ambayo ilipata kuwa jimbo mwaka ule ule, tarehe 1 Agosti. Ndani ya nyumba wakapanga mahindi na ngano kuanzia sakafuni hadi darini, na katikati wakaning'iniza mfano wa Kengele ya Uhuru uliosukwa kwa mabua na masuke ya nafaka.

Je, ilikuwa israfu? Mtu aliyelala njaa mwaka 1874 angeweza kusema ndiyo. Lakini shabaha yao haikuwa kujifurahisha. Nchi nzima ilijua Kansas kuwa mahali pa nzige na ukame, na hakuna mtu aendaye kulima au kukopesha mahali kama hapo. Waliwaonyesha watu magunia badala ya maneno. Sisi twaona kwamba fedha ile ilikuwa ya biashara zaidi kuliko ya sherehe, na katibu yule aliyafahamu mahesabu yake.

Wakulima wa chama cha Grange, kilichoanzishwa 1867, ambao walikuwa wakinunua zana na kuuza mazao kwa pamoja kama tufanyavyo sisi, walitatua jambo jingine. Walijua kwamba hoteli za mjini zitapandisha bei. Wakajenga kambi yao ya mbao karibu na stesheni ya reli nje ya mji, wanachama wakalala kwa bei nafuu na kwenda maonyeshoni kwa treni. Habari hii ni fupi, na hakuna aliyeiwekea sanamu, lakini tungependa isisahauliwe na ndugu wanaopanga safari za wajumbe wetu.

Siku ya ufunguzi, Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa msemaji mkuu wa watu weusi, alikuwa na kadi ya kukaa jukwaani. Polisi walimzuia mlangoni, wasiamini kwamba mtu wa rangi yake angeweza kualikwa, mpaka seneta mmoja alipomtetea. Aliketi jukwaani, na hakupewa nafasi ya kusema neno. Tarehe 4 Julai, Susan B. Anthony na wenzake, ambao waliomba nafasi wakanyimwa, walipenya katikati ya sherehe mbele ya Ukumbi wa Uhuru, wakamkabidhi msimamizi tangazo lao la haki za wanawake, kisha wakatoka nje wakalisoma mbele ya umati. Taifa lilikuwa likisherehekea uhuru wa watu wote, na hao wote walikuwa wakihesabiwa ni wangapi.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo tungeomba kila Mwenyekiti wa Chama cha Msingi alisome mara mbili. Mwezi wa Februari 1876, miezi mitatu kabla ya kufungua, Halmashauri ya Fedha ilikuwa imeishiwa. Kongresi, ambayo miaka mitano nyuma ilisema haitalipa, ikakubali kutoa dola milioni 1 na nusu. Watu wakashangilia. Halmashauri ikaandika fedha hizo vitabuni kama msaada. Lakini ndani ya sheria mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba baada ya madeni kulipwa, fedha hizo zitarudishwa Hazina kabla ya wenye hisa kupewa gawio au sehemu ya faida. Maonyesho yalipokwisha, fedha zilizobaki hazikutosha kuwarudishia watu wote. Wenye hisa wakasema: hatudai gawio wala faida, twadai mtaji wetu wenyewe, na mtaji haukutajwa katika kifungu. Serikali ikasema, sisi kwanza. Kesi ikafika Mahakama ya Juu Kabisa, na mwaka 1877 ikaamuliwa kwamba Hazina ilipwe yote kwanza. Wale waliotoa dola 10 kwa uzalendo, pamoja na wale walionunua hisa mlangoni kwa Bibi Gillespie, wakapata sehemu ndogo tu ya fedha zao.

Ugomvi wote ulikuwa juu ya maneno mawili matatu ambayo hakuna aliyeyasoma kwa makini wakati wa kushangilia. Nasi hatuwacheki. Msimu mmoja, ambao wanachama wanaukumbuka bila kutajiwa mwaka, tuliletewa mbolea, tukaambiwa ni msaada, tukapiga picha tukiipokea. Wakati wa malipo ya pili tukaona makato yenye jina tusilolijua. Tulipokwenda kuuliza tukaonyeshwa karatasi, na sahihi iliyo chini ya karatasi ilikuwa ya ofisi yetu. Tangu siku ile hatutii sahihi karatasi yoyote jioni.

Iko habari nyingine ya miaka ile inayofaa kuwekwa kando ya hiyo. Watu wa Ufaransa waliwapa Wamarekani zawadi ya sanamu kubwa ya Uhuru, ambayo ilikusudiwa kwa sikukuu ya miaka mia lakini ikachelewa. Katika maonyesho ya 1876 palikuwa na mkono wake tu na mwenge, na watu walilipa senti 50 kupanda ndani yake, ili kuchangia msingi wa kuisimamisha. Mchango ukasuasua miaka mingi. Mwaka 1884 gavana wa New York, Grover Cleveland, akakataa kutia sahihi sheria ya kutoa dola 50,000 za jimbo kwa ajili hiyo. Ndipo mwenye gazeti mmoja, Joseph Pulitzer, mwaka 1885 akatangaza kwamba atachapa jina la kila mtu atakayetoa chochote, hata senti moja. Watu zaidi ya 120,000 wakatoa, wengi wao chini ya dola moja, na kiasi cha dola 100,000 kikatimia ndani ya miezi michache. Sanamu ikazinduliwa tarehe 28 Oktoba, 1886. Twadhani jina lililochapwa gazetini lilikuwa stakabadhi. Mtu maskini hutoa kwa hiari, ila apenda kuona ya kuwa imeandikwa.

Habari za miaka 150, yaani 1926, twazipita haraka, maana hata wenyewe huzipita. Philadelphia ilifanya maonyesho tena. Yalifunguliwa tarehe 31 Mei majengo yakiwa hayajakwisha, mvua ikanyesha zaidi ya nusu ya siku zake, watu hawakuja kama ilivyotarajiwa, na mji ukabaki na deni.

Ilipokaribia miaka 200, Kongresi ilianza mapema. Mwaka 1966 ikaunda tume, na wazo la kwanza likawa lile lile: maonyesho makubwa katika mji mmoja. Miji ikagombana, wenyeji wa mitaa iliyotakiwa kutoa ardhi wakapinga, gharama zikapanda kila mara zilipohesabiwa upya, na mwezi wa Mei 1972 tume ikaukataa mpango wa Philadelphia. Mwaka ule ule magazeti yakafichua karatasi za ofisi ya tume, yakisema kwamba imeegemea mno makampuni ya biashara. Mwezi wa Desemba 1973 tume ikavunjwa, mahali pake pakawekwa idara mpya, na mkuu wake akawa John Warner.

Idara hiyo ilishika njia nyingine, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Ilisema sherehe haitakuwa na mji mkuu. Kila jimbo litakuwa na tume yake, na kila mji na kijiji kitapanga chake. Makao makuu yalichapa medali za ukumbusho, yakaziuza, na mapato yake yakawa sehemu ya misaada kwa majimbo. Misaada hiyo kwa kawaida ilikuwa na sharti la kulinganisha: toa dola moja, nasi tutie moja. Mji uliotaka kutambuliwa na kupewa bendera rasmi ulitakiwa uwe na kamati yenye watu wa namna zote, na katika mipango yake uwe na walau jambo moja litakalodumu baada ya sikukuu kupita. Miji na vijiji zaidi ya 12,000 vilitambuliwa. Mahali pengine jambo la kudumu lilikuwa kukarabati mahakama ya kale au stesheni ya reli iliyoachwa. Mahali pengine kupanda miti, kujenga maktaba, au kuandika historia ya wilaya kutoka vinywani mwa wazee kabla hawajafa.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa ya maana. Mabomba ya zimamoto barabarani yalipakwa rangi za bendera yakafanywa mfano wa askari wadogo. Makampuni yaliuza kila kitu chenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu, hata watu wakaligeuza jina la sikukuu lisikike kama neno la kununua. Tarehe 16 Desemba, 1973, katika bandari ya Boston, wakati watu walipoigiza lile tendo la 1773 la kutupa chai baharini, waandamanaji walikuja na mapipa matupu ya mafuta wakayatupa, wakisema kwamba wafalme wa sasa ni makampuni. Sisi twalitaja hilo kwa uangalifu, kwa kuwa kurasa za mwisho za kijitabu hiki zina matangazo ya wauza bomba za dawa na wauza pikipiki, na bila matangazo hayo kiwanda cha chapa kisingelipwa.

Liko na gari la moshi, lililoitwa Treni ya Uhuru, lililozunguka majimbo 48 kuanzia Aprili 1975 hadi Desemba 1976, likiwa na hati na vitu vya kale; watu zaidi ya milioni 7 waliliona, na gharama zilibebwa zaidi na makampuni. Pennsylvania nayo ilitoa gari la kukokotwa na farasi kwa kila jimbo, mfano wa yale ya wahamiaji wa zamani, na misafara ikaja kutoka pande zote hadi Valley Forge, ikikusanya sahihi za raia njiani. Sahihi zilisemwa kuwa milioni 22. Tarehe 4 Julai, 1976, Rais Ford alikuwapo Valley Forge, na sahihi hizo zilikuwa zifungwe katika sanduku kwa ajili ya kizazi kijacho. Siku hiyo ziliibwa kutoka katika gari lililoachwa bila mlinzi, na hazikuonekana tena. Mtu hulinda sanduku la fedha usiku kucha, na kumbukumbu huziacha kwenye kiti cha nyuma. Tumeongeza kufuli ya kabati la ofisi baada ya kuisoma habari hiyo.

Kwa ajili ya miaka 250, Kongresi iliunda tume mwaka 2016, na majimbo yakafuata moja moja. Pennsylvania na South Carolina, kwa mfano, zilianzisha tume zao mwaka 2018. Mipango mingi ya mihadhara na maonyesho vijijini iliwekwa mikononi mwa mabaraza ya elimu na utamaduni ya majimbo, ambayo kwa miaka mingi yalitegemea mfuko wa serikali uitwao National Endowment for the Humanities. Mwezi wa Aprili 2025 mfuko huo ukakata misaada yake kwa mabaraza hayo, sikukuu ikiwa imebakiza mwaka mmoja na kidogo. Mwezi huo huo wakfu wa Mellon ukatoa dola milioni 15 za dharura, fedha ambazo hazikuweza kuziba pengo lote. Yaani baada ya miaka 150 swali limerudi pale pale lilipokuwa mwaka 1871, nani ni mwenye sherehe na nani ni mwenye hazina.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kuona jibu la namna nyingine. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la tarehe 9 Desemba, akaagiza siku hiyo watu wafanye usafi, maana kipindupindu kilikuwa kimeenea, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza shilingi milioni 960 za sherehe zijenge mabweni nane ya watoto wenye mahitaji maalumu. Wako waliosema kwamba taifa lisilokutana siku yake litasahau kwa nini lilikutana mara ya kwanza. Neno hilo nalo lina uzito. Watoto wetu hawajaona gwaride mara nyingi, na barabara haimweleze mtu habari za 1961. Lakini bweni ni jambo litakalodumu, na sharti lile la 1976 lingelipitisha bila swali.

Haya ndiyo tuliyoyapeleka mbele ya Halmashauri mwezi wa tatu, kwa maneno machache kuliko haya. Kulikuwa na ubishi. Baadhi ya wajumbe walitaka fulana na vitenge vyenye nembo kwa kila mwanachama, na hawakuwa wajinga. Mwanachama aliyevaa nembo ya Chama ni tangazo linalotembea, tena kuna vijiji ambako Chama hakijulikani ila kwa makato. Wengine walitaka pasiwe na sherehe kabisa. Mwishowe iliamuliwa sherehe iwe ya siku moja, kila Chama cha Msingi kije na chakula chake, na fedha iliyotengwa itumike kuezeka upya ghala la mashariki, ambalo masika mbili zilizopita liliharibu magunia ya watu. Ikaamuliwa pia kwamba vyama vitakavyochanga kwa ghala hilo, Chama Kikuu kitie kiasi kile kile walichochanga. Vyama viwili havikuchanga, na hatutavitaja, kwa kuwa kimoja wapo kilikuwa na sababu ya haki: msimu uliopita hakikuvuna.

Majina ya waliochanga yamechapwa katika kurasa zinazofuata, kila mmoja na kiasi chake, kuanzia mkubwa hadi wa shilingi mia tano. Tumeyasoma mara tatu kabla ya kuyapeleka kiwandani; aliyeachwa aje ofisini na stakabadhi yake, jina lake litatiwa katika karatasi ya nyongeza.

Na kwa yule mzee wa miti mia mbili, ambaye twatumaini amepewa nakala: ndiyo, Baba, zimetoka kwenye kilo zako. Hesabu yake, pamoja na hati za fundi wa paa na bei ya mabati, itasomwa katika Mkutano Mkuu ujao, nayo imewekwa iwe ajenda ya pili, kabla ya chakula.